Wagonjwa Tisa, Namba Moja ya Simu

Siku yangu ya kwanza kazini niliwachekesha watu hadi nikadhani nina kipaji. Nilikuwa msichana mwembamba kutoka Marambo, mwenye mwandiko mzuri kuliko walimu wake, na jambo hilo sikumficha mtu. Nilipangiwa dirisha la masjala, yaani chumba cha mafaili ya wagonjwa, katika kituo kimoja cha afya mjini Nachingwea ambacho jina lake sitalitaja. Kazi ilikuwa kuita majina. Nikachukua faili la juu, nikaita jina kwa sauti ya kusomea risala, kisha, ili nionekane kazi naijua, nikasoma na kilichoandikwa chini yake: kaswende, sindano ya pili. Mwenye faili alikuwa mzee wa heshima zake, ameketi benchi moja na wakwe zake wawili. Watu walicheka wakashika mbavu. Mzee aliinuka, akakung'uta kanzu yake, akaondoka bila kuchomwa sindano.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Mtunza Kumbukumbu Mkuu, mama wa Kimakua, mtu wa parokia, ambaye miwani yake ilining'inia kifuani kwa uzi wa kushonea. Alinivuta ndani, akafunga dirisha.

"Umefanya nini, Somoe?"

"Nimemwaibisha, mama."

"Aibu itapita. Umemfukuza kwenye dawa. Kesho nenda kwake ukamwombe arudi, na mtu yeyote pale nyumbani akikuuliza umefuata nini, usimwambie."

Nilikwenda nikajifanya natafuta mbegu za muhogo. Mzee aliniangalia kwa muda mrefu, akanipa mbegu za kujaza kapu, na wiki iliyofuata akaja kuchomwa sindano yake kupitia mlango wa nyuma. Mihogo ile niliipanda, na ilizaa vizuri.

Ninyi mnaosomea kazi hii sasa, mnaona jina tu kwenye kioo cha kompyuta. Sisi tulikuwa na karatasi. Kila mgonjwa alikuwa na faili lenye namba, na kila faili lilikuwa na kadi ya faharasa, kikaratasi kigumu kilichopangwa kwa herufi ndani ya droo ili kukuonyesha namba ya faili. Faili likitoka rafuni, mahali pake tuliweka kadi nyingine ya kueleza limechukuliwa na nani na lini. Mwisho wa mwezi tulijumlisha vijiti vya kuhesabia wagonjwa kwenye vitabu vya MTUHA, madaftari makubwa ya taarifa za huduma za afya, na ole wako vijiti vyako visilingane na vya wodini.

Ugumu ulikuwa kwenye majina. Huku kwetu mtu ana jina la utotoni, ana jina alilotoka nalo jandoni au unyagoni, na akishazaa anakuwa baba wa fulani au mama wa fulani. Mtu alikuja wakati wa mvua akiitwa Hamisi, kiangazi akarudi akiitwa Bakari, na faili la Hamisi likabaki rafuni linamngoja. Nilijifunza kuuliza, "Mara ile ulitumia jina gani?" Wengi walijibu bila wasiwasi wowote, "Lile la nyumbani."

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa zahanati moja upande wa Kilimarondo. Pale mkubwa wangu alikuwa Tabibu, mtu mpole mwenye baiskeli kuukuu, na watumishi tulikuwa wanne tu. Rejista tuliziweka ndani ya sanduku la bati kwa sababu ya mchwa. Tembo walipoingia mashambani, wagonjwa hawakuja na sisi hatukutoka, tukabaki tunajumlisha vijiti. Kwa Tabibu yule nilijifunza jambo moja ambalo halikuandikwa katika mwongozo wowote. Kinamama waliokuwa wakitumia uzazi wa mpango hawakutaka kurudi nyumbani na kadi zao, maana waume zao wengine walikuwa hodari wa kupekua. Tabibu alizitunza kadi zote kwenye kibweta chini ya meza yake, na kila mama alimtambua kwa sura. Mwanamume mmoja alikuja kudai aonyeshwe kadi ya mkewe. Tabibu alimkaribisha chai, akampima shinikizo la damu, akampa ushauri mrefu kuhusu chumvi, na yule bwana akaondoka ameshukuru, kadi hajaiona.

Kutoka Kilimarondo nilipelekwa Ruangwa, na huko ndiko nilikokutana na kompyuta. Mganga Mfawidhi wa pale, yaani mkuu wa kituo, aliifunika kwa kitambaa cha kudarizi. Mimi niliinunia. Niliona imekuja kuninyang'anya mwandiko wangu. Niliwaambia wenzangu kwamba chombo kinachokata tamaa umeme ukikatika hakiwezi kuitwa mtumishi. Kisha siku moja aliletwa mama mjamzito, anatoka damu, hajitambui, na ndugu waliomleta walijua jina lake la unyagoni tu. Kijana wa mapokezi akaandika jina la kijiji na la mume, na kabla sijafika hata kwenye droo ya kadi, taarifa zake zilikuwa zimefunguka, kundi lake la damu likiwemo. Mama alipona na mtoto akapona. Tangu siku hiyo niliacha kuikejeli kompyuta, angalau mbele za watu.

Nikawa hodari. Nilijifunza kuandika kwa vidole vyote, na nilipewa kazi ya kuhamisha taarifa za karatasi kuziingiza kwenye mfumo. Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko lile la kaswende, na sikulijua kwa miaka.

Mfumo ulikuwa na kisanduku cha namba ya simu, pembeni yake nyota nyekundu. Nyota maana yake ni lazima. Usipojaza, mfumo unagoma, na mgonjwa hasajiliwi. Wagonjwa wengi wa vijijini hawakuwa na simu. Lakini kila mmoja alikuwa na namba ya kupatikania, na kwa kawaida hiyo ilikuwa ya mwenye duka aliyekuwa na sola, ambaye watu wote walipeleka kwake simu kuchaji na ndugu wa mbali walipiga kwake wakitaka kuongea na mtu. Namba ile kijiji kizima kiliijua kwa moyo. Nikiuliza simu, mgonjwa ananitajia bila kusita, nami naandika. Nyota inazimika na foleni inasogea. Nilisifiwa kwa kasi yangu, na sifa sikuzikataa.

Nilirudishwa Nachingwea kumalizia utumishi wangu. Nilipangiwa masjala ya kliniki ya tiba na matunzo, ambayo hakuna asiyejua ni ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Huko niligundua jambo lililonichekesha na kunisikitisha pamoja. Watu wa Ruangwa walikuja kuchukua dawa Nachingwea ili wasionwe na jirani zao, na watu wa Nachingwea walikwenda Ruangwa kwa sababu ileile. Mabasi yalipishana njiani yamebeba siri za wilaya mbili.

Mmoja wao nitamwita Mwenye Jogoo. Sitasema ni mwanamke au mwanamume, na Kiswahili kinanisaidia. Tuseme alitoka Nandagala, ingawa siko. Duka nililolitaja huenda halikuwa duka, na hata mimi mwenyewe kwenye vyeti siitwi Somoe, kwa hiyo msianze kuchunguzana. Mwenye Jogoo alikuja kila baada ya miezi mitatu, na ili apate sababu ya safari alibeba kuku wa kuuza sokoni. Mara nyingi kuku hakuuzika, maana mwenyewe hakuwa na muda wa kumtembeza, basi akarudi naye. Kuna jogoo mmoja mwekundu niliyemwona kliniki mara nne. Mwaka mzima ndege yule alihudhuria kuliko wagonjwa wengine.

Mkubwa wangu wa mwisho alikuwa Mganga Mfawidhi wa kituo, mama mfupi wa hatua za haraka, na tuliletewa Afisa TEHAMA, kijana wa Dar es Salaam aliyeniita bi mkubwa na kuniamkia kila asubuhi kabla ya kuwasha mitambo yake. Alikuwa ametengeneza jambo zuri. Mfumo ungetuma meseji siku mbili kabla ya tarehe ya mgonjwa: Ndugu fulani, unakumbushwa kufika kliniki ya tiba na matunzo. Ungemtumia yule tu aliyehudhuria mara ya mwisho na kupangiwa tarehe mpya. Meseji za kwanza zilipangwa kwenda Jumatatu asubuhi, mbele ya wageni kutoka mkoani.

Ijumaa mchana nilipewa orodha ya watakaotumiwa niihakiki. Nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikaanza kushuka. Ukurasa wa tatu nikaona namba ninayoijua, ya mwenye duka mmoja wa upande wa Ruangwa. Nikashuka, nikaiona tena. Nilipomaliza ilikuwa imejitokeza mara tisa, kwa wagonjwa tisa wa kijiji kimoja, na mmoja wao alikuwa Mwenye Jogoo. Mwandiko wa kompyuta hauna mwenyewe, lakini mfumo ulikuwa mmoja na wa Ruangwa, na niliijua kazi ya vidole vyangu.

Nilijua pia jambo ambalo mfumo haukulijua. Mtoto wa Mwenye Jogoo alikuwa amechumbiwa na mtoto wa mwenye duka, na harusi ilisubiri msimu wa korosho uishe. Jumatatu, kabla ya saa nne, mkwe mtarajiwa angesoma kwenye simu yake jina la mkwe mwenziwe na jina la kliniki. Uchumba ungevunjika, na yule mtu asingekanyaga tena pale kwetu kufuata dawa. Nilikaa kwenye kiti nikaona haya kama siku ile ya kwanza, na mara hii hapakuwa na mtu wa kucheka.

Nilikwenda kwa Mganga Mfawidhi, nikamkuta na Afisa TEHAMA wanapanga viti vya wageni. Nikaeleza yote, na kwamba namba zile niliziingiza mimi.

Mganga Mfawidhi aliweka chini kiti alichokuwa amekishika, akasema, "Bi Somoe, mwezi uliopita nimezika mtu aliyeacha dawa kwa kusahau tarehe. Meseji moja ingemwokoa. Unataka niizime?"

"Sitaki uizime, daktari. Nataka isiende kwa mtu asiyehusika."

"Na wageni nitawaambia nini?"

"Waambie Somoe alikosea. Nimebakiza miezi minne nistaafu, wanifanye watakavyo."

Nilitegemea kijana atetee kazi yake. Alikuwa ameshaichukua orodha anaipitia. Alisema taratibu kwamba kosa si langu peke yangu, nyota nyekundu aliiweka mtu wa ofisini ambaye hajawahi kukaa kijiji chenye simu moja. Akasema tena kwamba ipo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, inayotaka mtu aulizwe kabla taarifa zake hazijatumiwa, na sisi hatukumuuliza hata mmoja. "Tumekimbilia kutuma, bi mkubwa. Kuuliza tumesahau." Nilimpenda kijana yule kuanzia hapo, ingawa suruali zake zilikuwa zinambana mno.

Jumatatu wageni walionyeshwa meseji zilizotumwa kwenye simu za sisi watumishi tu. Mganga Mfawidhi aliwaeleza sababu bila kunitaja. Nikasimama nikajitaja mwenyewe, kwa kuwa sipendi kusemewa. Mgeni mmoja aliandika kitu kwenye daftari lake. Sikufukuzwa. Nilipewa barua ya onyo, nikaipenda kuliko barua zangu za pongezi, nami ninayo mpaka leo.

Baada ya hapo tukaanza kuuliza. Kila mgonjwa aliyefika dirishani nilimwingiza ndani, nikafunga mlango, nikamuuliza kama anataka kukumbushwa, kwa simu ya nani, na kwa maneno gani. Afisa TEHAMA aliongeza kisanduku kipya kisicho na nyota, ambamo kila mtu angeandikiwa maneno yake mwenyewe. Alidhani watu wangechagua maneno mawili matatu yanayofanana. Hakuwajua watu wetu. Mmoja alitaka ujumbe useme mbegu za ufuta zimefika. Mwingine, fundi cherehani, alitaka aambiwe suruali ya mteja imekwama. Bibi mmoja alisema yeye hana siri, kliniki itajwe kwa herufi kubwa na jina lake lote, maana watoto wake wakijua ndio watampeleka kwa pikipiki. Wengine walisema wasitumiwe chochote, na hatukuwatumia. Kijana alikuwa anaandika huku anacheka hadi machozi yanamtoka.

Wale wanane wengine waliotumia namba ya dukani walipita mmoja mmoja. Mwenye Jogoo alikuja mwisho, safari hii na tetea. Nilipomweleza ilivyotaka kutokea alishika ukingo wa meza.

"Imeshakwenda?"

"Haikwenda."

"Una uhakika, dada?"

"Nimekesha kwa uhakika huo. Haikwenda, na haitakwenda."

Akakaa. Machozi yakamtoka, nami yakanitoka, na tetea akapata nafasi ya kuchafua sakafu. Nilimwomba radhi kwa kosa langu. Nikamuuliza kama anataka namba ile ifutwe kabisa. Alifikiri. Alisema safari mbili zilizopita alichelewa kwa kuchanganya tarehe, na anaogopa, kwa sababu anataka kuwaona wajukuu. Simu nyingine haipo. Ya mkwe ndiyo pekee itakayomfikia, kwani mkwe ni mtu mwaminifu wa kufikisha ujumbe, hata angepewa salamu tu angevuka kijiji kuzileta.

"Basi tumpe salamu," nikamwambia.

Tukaandika hivi: Bi Somoe wa Nachingwea anamsalimu mkweo. Akaenda zake na tetea wake. Wiki ya tarehe yake ilipofika alikuja siku yenyewe, mapema kuliko wote, akanieleza kwamba mkwe alimletea salamu zangu shambani na akasimama kungoja jibu.

Miezi yangu minne ilipokwisha nikastaafu. Nilikabidhi funguo na rula yangu, na Afisa TEHAMA akalifunga neno langu la siri mbele ya macho yangu, kwa adabu kama mtu anayefunika chungu. Watu husema kustaafu kunachosha kwa kukosa cha kufanya. Kwangu haikuwa hivyo, nina mikorosho na nina midomo. Kilichonisumbua ni kutojua. Miaka yote nilijua nani amekuja na nani hakuja, na sasa nilikuwa raia kama wengine. Mwaka ulipopita uvumilivu uliniisha. Nikaenda kliniki, nikamvuta yule kijana pembeni, nikamuuliza kama Mwenye Jogoo bado anahudhuria.

"Shikamoo bi mkubwa," akasema. "Hilo siwezi kukwambia."

"Mimi ndiye niliyemsajili."

"Ulikuwa mtumishi. Sasa si mtumishi. Ungekuwa wewe dirishani, ungeniambia?"

Nilimsusa kwa wiki mbili. Siku ya kumi na tano nilimpelekea korosho za kukaanga, kwa sababu alikuwa amefanya kazi yangu sawasawa na nilijisikia fahari. Lakini jibu sikulipata, na nilikubali kwamba sitalipata. Na ninyi mtakaofika mwisho wa kazi, mjiandae, sehemu hii ndiyo ngumu.

Basi msimu uliopita nilikuwa kwenye mnada wa ufuta Ruangwa, nimesindikiza magunia ya mdogo wangu. Mtu mmoja mnene, mwenye simu mbili shingoni, alisikia nikiitwa, akageuka mzima mzima.

"Wewe ndiye Bi Somoe wa Nachingwea?"

Nikasema ndimi. Akanitajia jina lake, akanitajia kijiji, na mimi nikajua nimesimama mbele ya nani. Nikabana midomo.

"Dada, mimi nina malalamiko na wewe. Kila miezi mitatu unamsalimu mkwe wangu kwa simu yangu. Namfuata mpaka shambani, jua kali, naye akizipata salamu zako anafurahi, kesho yake anajiandaa na safari. Juzi Ijumaa nimempelekea nyingine, kambeba mjukuu wetu mgongoni. Mimi ndiye ninayehangaika, na nikikupigia simu yako haipokelewi. Hata siku moja hujawahi kunisalimu mimi?"

Juzi Ijumaa. Nilihesabu tarehe kichwani, na furaha ikanipanda, maana salamu zile haziendi kwa aliyekosa kliniki. Nilimwambia nimekosa, anisamehe, simu yangu ni mbovu. Nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikamsalimia yeye, nikamsalimia mkewe, watoto wake na mjukuu, mmoja mmoja, na sikuwa na haraka.

Akaridhika. Kisha akaniangalia, akaniuliza mbona nalia.

"Ni vumbi la ufuta," nikamwambia.